Rangi Itakolea

3 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Anwani yako nimeipata kwa Shangazi. Alinipa baada ya kuniapisha kwamba Baba hatajua. Sijui kwa nini alinihangaisha na kiapo, mimi ambaye hata paka wa nyumbani hajawahi kunisikia nikimfukuza.

Ni wiki tatu sasa tangu uondoke. Asubuhi ile ulipotoka na begi lako nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikusikia ukiuliza, "Bi Kimya yuko wapi nimuage?" Nilikuwepo. Nisamehe.

Hapa Baba anachanganya rangi mwenyewe. Juzi alipaka ngazi za yule wakili wa mtaa wa pili, zikatoka kama maji yaliyooshewa vyombo. Akazitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema, "Kwa mbali zinapendeza." Wakili akataka kujua ni umbali gani. Nilimtafsiria Baba swali hilo, hakucheka.

Makopo yako yako rafuni bado. Kila moja lina alama zako za penseli, misalaba na vidoti, na hakuna anayejua maana yake.

Yule daktari wa meno amekataa sakafu yake ipigwe msasa upya. Anasema amechoshwa na vumbi na mafundi, bora aishi nayo hivyohivyo. Kwa hiyo iko palepale, rangi ya damu ya mzee ukumbi mzima. Baba akipita mtaa ule anageuza uso kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Unaishi wapi? Umepata kazi? Unakula?

Mwanao,
Bi Kimya

19 Machi

Mwanangu Bi Kimya,

Marahaba. Kumbe unaongea! Kila nilipokupigia simu nilisikia pumzi tu, nikadhani nimempata mgonjwa wa pumu. Kwenye karatasi una maneno kama karani wa mahakama.

Nimepata kazi kwenye karakana ya milango na sakafu. Chumba changu kiko juu yake, na vumbi la mbao linapenya kwenye nyufa za sakafu. Nikiamka nina mvi za bure. Chakula nakula, usiwe na wasiwasi.

Nina swali, na hapa duniani ni wewe peke yako unayeweza kulijibu.

Siku ile ya sampuli kwa daktari wa meno, mafuta ya mbao yalikuwa hayajafika. Ndiyo maana nilieleza kwa mdomo, nikaonyesha mpaka kwa mate. Nilisema: hii mnayoiona bado mbichi, ikila mafuta itakolea. Nikasema mbao za dirishani zimechomwa na jua miaka mingi, zitakunywa rangi kuliko zile zilizokaa chini ya kabati, kwa hiyo asitegemee sare. Wewe ukamwambia. Ukaniambia amekubali.

Sasa fikiri nami. Mtu aliyeambiwa itakolea, akakubali, halafu akaiona na kupiga kelele vile, maana yake haikukolea tu. Maana yake nilikosea kuchanganya. Nilitia nyekundu nikidhani natia kahawia, na sikuona.

Nimeanza kujipima. Jana nilimpelekea dobi shati, nikamuuliza, "Hili ni la rangi gani?" Akaniambia, "La rangi ya mtu asiyetaka lioshwe." Watu wa hapa wana midomo.

Wewe ulikuwepo siku zote mbili, na macho yako ni mapya. Niambie bila kunionea haya: rangi ya sampuli na rangi ya sakafu zilikuwa mama na mtoto, au zilikuwa wageni kabisa? Baba yako simlaumu. "Fundi asiyeona rangi akaponde kokoto," alisema. Alisema kwa hasira, lakini kuna kweli nyingine haitoki mpaka mtu akasirike.

Baba yako mdogo,
Jicho (sijui kama jina lenyewe bado linanifaa)

2 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Samahani nimechelewa, tulikuwa na mitihani.

Kuhusu swali lako, sikuangalia vizuri. Siku ya kwanza kulikuwa na mawingu, siku ya pili jua lilikuwa kali. Halafu mimi rangi sizijui, kwangu kahawia ni kahawia. Labda ni mwanga. Ungemuuliza mtu mzima.

Mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa, ile ya lugha ya shule. Alisema naandika kama niliyezaliwa nayo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikiandika, hakuna anayenitazama mdomo. Baba alipopata habari alimwambia jirani, "Huyu amesoma kwa niaba ya ukoo mzima." Sasa kila mtaa anaokwenda kazi ananichukua baada ya vipindi, ili nimtafsirie.

Usijipime macho sana. Yapumzishe.

Mwanao,
Bi Kimya

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi, lakini niliielewa. Uliponiandikia habari za mawingu nilipata jibu langu. Mtoto mwenye adabu haoni kosa la mkubwa, husema labda ni mwanga. Nakushukuru kwa kunisitiri.

Nilikwenda kupimwa. Mama wa hospitali ya macho alinionyesha kitabu cha vidoti vya rangi vyenye namba ndani yake, nikazisoma zote. Akasema, "Mzee, macho yako mazima kuliko yangu." Nikamwambia namba si mbao. Akaniandikia matone ili niondoke.

Wiki iliyofuata mwenye karakana akaja na mteja wa kabati. "Wewe si ndiye Jicho? Hebu mchanganyie." Nilisimama mbele ya makopo mpaka brashi ikanikaukia mkononi. Miaka ishirini na sita nimechanganya rangi kwa kunusa na kutazama, sijawahi kupima kwa kijiko. Siku ile sikujua nianze na kopo lipi. Nikasema bega linauma.

Basi sasa navuta mashine ya msasa. Mashine haikuulizi rangi. Anayechanganya ni shemeji wa mwenye karakana, mtu anayemwaga vanishi kama anamwagilia mchicha. Naona anavyokosea, nanyamaza. Nina haki gani? Brashi zangu tatu nzuri nimempa yeye. Jina nalo limebadilika, huku wananiita Msasa. Usicheke. Au cheka, nami nilicheka kidogo.

Soma kwa bidii.

Baba yako mdogo,
Msasa

14 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimetumwa, kwa hiyo naanza na niliyotumwa.

Wiki iliyopita yule daktari wa meno alimwandikia Baba. Barua ilikuwa kwa lugha ya shule, nami nikaisoma kwa sauti kwa lugha yetu. Anasema sakafu ile ameizoea, na siyo kuizoea tu, anaipenda. Jua la alasiri likiingia dirishani inawaka kama kaa la moto. Wageni wanapiga magoti kuishika. Anataka vyumba vitatu vya juu vipakwe rangi ileile, na avipake mtu yuleyule aliyechanganya ya chini.

Baba alijaribu mara nne, kwenye vipande vya ubao, nyuma ya nyumba. Cha nne alikipiga teke. Kisha akaniita. "Kamwombe Shangazi anwani, umwandikie Baba yako mdogo arudi. Mwambie nimemsamehe."

Nilikaa nikaandika: Baba anasema amekusamehe. Nikalitazama neno hilo, mkono ukakataa kuendelea. Karatasi ile nimeichana. Hii ni ya pili.

Hukukosea. Macho yako hayana kasoro. Ni mimi.

Siku ya sampuli, tulipoingia tu, nilimwambia daktari kwamba tumekuja kwa ajili ya sakafu. Neno la sakafu nililitamka vibaya. Akatabasamu, akalirudia polepole, kama anavyowaambia watu wapanue kinywa. Akanifanya nilirudie naye. Alikuwa mpole, na upole ule ndio ulionimaliza. Kuanzia hapo nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: maneno machache, makosa machache.

Ukaanza kueleza. Ulieleza vizuri, Baba mdogo, kama mtu anayewazungumzia wanawe, huyu ana hasira, huyu ni mvivu wa kunywa. Ukasema itakolea. Nililitafuta neno hilo kwa lugha ile, sikulipata. Nilikuwa na neno la giza, na neno la ukali, na neno la chumvi iliyozidi. La kukolea, kitu kuiva ndani ya rangi yake chenyewe, sikuwa nalo. Ningeweza kulizunguka kwa maneno kumi. Maneno kumi ni mahali kumi pa kuchekwa. Nikamwambia, "Anasema itapendeza."

Ukalamba kidole gumba, ukaipaka sampuli mate ili aone itakavyokuwa ikila mafuta. Yeye akarudi hatua moja nyuma. "Anafanya nini?" akaniuliza. Nikaona haya. Si haya zangu za kila siku. Nilikuonea haya wewe, na kidole chako, na mate yako. Nikamwambia, "Anafuta vumbi."

Akauliza, "Kwa hiyo itakuwa hivihivi?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema hivihivi. Nawe ukaniuliza, "Amekubali?"

Ningeishia hapo ungesema ni woga wa mtoto. Lakini kuna siku ya pili.

Siku ya pili, alipopiga kelele, hakukunyooshea kidole wewe. Alininyooshea mimi. Alisema, "Msichana huyu aliniambia itakuwa hivihivi. Nilimuuliza mara mbili." Wewe na Baba mkanigeukia mkisubiri. Baba akasema, "Anasemaje?" Nami nikasema, "Anasema aliyoonyeshwa siyo aliyopakiwa. Anasema fundi amekosea kuchanganya." Wewe ukasema, "Nilimwambia itakolea, muulize mtoto." Baba akaniuliza. Nikasema, "Nilimwambia."

Sijawahi kutafsiri bila kukwama kama siku ile. Hata sauti yangu ilisikika.

Hukuwa na njia ya kujua. Kila neno lililotoka kwake kuja kwako lilipita kwangu, na nililolikataa halikufika. Kisha ukaniuliza kwa barua, ukanitegemea, nikakuandikia habari za mawingu. Ulipoandika kwamba umegawa brashi zako niliificha barua ndani ya daftari la hesabu, mwezi mzima sikulifungua daftari hilo.

Baba sijamwambia. Sijui nitaanzia wapi. Tafadhali, anza tena kuchanganya rangi, hata kama hurudi huku.

Mwanao, kama bado,
Bi Kimya

30 Juni

Binti wa kaka yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale pa kufuta vumbi. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu niliteremka karakanani nikamwambia mwenye karakana, "Nataka kuchanganya."

Alikuwa na mlango wa zamani, mteja anataka wa pili unaofanana nao. Nikachanganya, nikapaka kipande, nikakiegemeza mlangoni. Akamwita shemeji yake. Wakasema ni ileile, hata mama mzazi wa mlango asingetofautisha. Wakanipigapiga mgongoni. Mimi nikabaki nimesimama pale natazama. Nilikuwa sijui kama ni kweli au wananihurumia. Zamani nilitazama mara moja nikaondoka. Sasa natazama mara kumi, na kila mara naona rangi nyingine. Huo ndio ugonjwa niliobaki nao, na mama wa hospitali hana matone yake. Ulijua unatoka wapi. Miezi mitatu ulinitazama nikijitibu.

Ya siku ya kwanza nimekusamehe. Mimi mwenyewe namwogopa daktari wa meno. Ya siku ya pili sijakusamehe, na usiniandikie kuniuliza lini.

Kuhusu kurudi. Kaka amenisamehe, namshukuru. Angeniambia na kosa lenyewe ningemshukuru zaidi. Alinifukuza kwa sauti, mbele ya mteja, mbele ya mtoto. Sitarudi kwa ujumbe wa kutumiwa. Nimeirudisha barua yako humu ndani ya bahasha. Msomee yako, kisha msomee hii, kwa mdomo wako, mchana, akiwa amekaa. Halafu aniandikie yeye. Lugha yetu anaiandika vizuri kuliko mimi. Sitaki barua ndefu. Anipe mstari mmoja: Jicho, hukukosea. Siku nitakayoupata, kesho yake nitapanda basi, na daktari atapata vyumba vyake.

Nahitaji kuuona kwa mwandiko wa mtu aliyenifundisha kushika brashi. Wewe ukiniambia, nakusikia. Yeye akiniambia, labda nitaamini.

Na ukimsomea, usiruke.

Jicho

11 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo.

Nilimsomea. Ilikuwa Jumamosi mchana, amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nilisoma barua zote mbili, yangu kwanza. Sikuruka. Muda wote alikuwa anaosha brashi moja ileile. Nilipofika mwisho akauliza, "Imeisha?" Nikasema imeisha. Akaikung'uta brashi ukutani.

Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka. Nimejizuia nisiyapige msasa.

"Wateja wangu wangapi wanajua lugha yetu? Hakuna hata mmoja. Jicho ana mikono, atakula popote. Mimi bila wewe ni bubu mwenye mashine. Wakisikia kwamba ninayemtegemea kusema ndiye aliyedanganya, nani atanifungulia mlango? Kosa liache libaki kwake. Ameshaondoka nalo."

Nikamwambia, "Baba, anataka mstari mmoja tu. Hakuna mteja atakayeuona." Akasema, "Mimi nitauona." Nikaweka karatasi na kalamu kwenye benchi, kando yake. Akasema mikono yake ina mafuta. Nikasema nitasubiri ikauke. Karatasi ilikaa pale mpaka Jumatatu. Jumatatu aliitumia kufungia misumari.

Hakunipiga, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Sasa ananiita "mama". Amenitengenezea meza ya kusomea, ameipiga msasa mpaka inateleza. Ananitunza kama anavyoitunza mashine.

Jumanne tulikwenda kwa daktari. Baba alikuwa ameniagiza niseme kwamba fundi yule amehama, na vyumba vya juu atavipaka Baba mwenyewe, rangi itakaribiana. Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote tangu siku tatu nyuma, hata neno la kukolea nilikuwa nimeshalitengenezea sentensi nzima, nimeikariri njiani mpaka mlangoni. Tulisimama ukumbini, juu ya sakafu yako. Ni nzuri, Baba mdogo. Ungeiona ungeijua.

Daktari akauliza, "Yule mchanganyaji yuko wapi? Kwa nini ameondoka?" Baba hakuelewa swali, lakini alinitazama. Alitabasamu vile anavyotabasamu mbele ya wateja, meno ya juu tu. Nikasema, "Alipata kazi mji mwingine."

Hakuna neno nililolitamka vibaya. Daktari alinisifu, akasema lugha yangu imenyooka sana. Baba akauliza amesemaje, nikamwambia.

Vyumba vya juu tunaanza Jumatatu ijayo.

Tulipokuwa tunarudi Baba aliuliza kama nimeshakujibu. Nikasema bado, sijui nikuandikie nini. Alitembea hatua kadhaa, ndoo ya brashi mkononi.

"Mwandikie anasalimiwa," akasema.

Basi, Baba mdogo, unasalimiwa.

Bi Kimya